Maziwa Aliyonyonya Mdogo Wangu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ukungu ulifunika Mlima Elgon wote, mgeni angedhani upande ule hakuna mlima. Kufika saa nne jua likatoka kali, na matrekta ya wanaolima yakainua vumbi mpaka nikaanua nguo kabla hazijakauka. Mvua bado. Hapa Kitale kila mtu anatembea akiangalia juu.

Leo mdogo wangu amekuja kutoka Bungoma kumchukua mama. Naandika kabla sijapoa, na nitajaribu kuandika kwa haki, ingawa anayeandika ni mtu mwenye wivu. Shule niliishia darasa la nane. Mambo ya utumbo na bakteria niliyasikia kwa nesi, na mahali nitakapoyapindisha, kosa ni langu, si lake.

Nianze na wivu wenyewe, kwa sababu ni wa zamani.

Mimi ndiye kifungua mimba, na mdogo wangu alinifuata haraka sana. Wakati ule kwetu iliaminika kwamba mwanamke akishika mimba nyingine, maziwa yake yanageuka kuwa ya yule aliye tumboni, na yule aliye kifuani akiendelea kunyonya ataharisha na kukonda mpaka afe. Kwa hiyo mtoto aliondolewa. Mimi nilifungwa mgongoni nikapelekwa upande wa Lwakhakha kwa kukhu, yaani nyanya yetu mzaa mama, kabla sijajua kusimama. Mdogo wangu alipozaliwa, hakuna aliyemfuata. Alinyonya mpaka akatembea, mpaka akajua kuongea. Mama mwenyewe husimulia: alikuwa anatoka kucheza na wenzake, anasimama mbele yake na kusema, "Kaa chini, mayi, nataka," kama mtu anayeagiza chai hotelini. Watu hucheka sana hapo. Mimi pia hucheka, na kila nikicheka kitu hunibana chini ya mbavu.

Sasa tumbo langu. Halijawahi kuwa rafiki yangu. Maharagwe yakiingia nafura. Maziwa ambayo hayajaganda nikinywa kikombe, lazima nijue choo kiko wapi. Mdogo wangu anaweza kula githeri ya jana, mahindi na maharagwe yaliyopoa, amesimama, ashushie na maziwa na kwenda shamba akiimba. Kwenye matanga, nikianza kuchagua chagua kwenye sahani, ananiambia mbele ya watu wote, "Dada, hilo tumbo lako lilizaliwa Ulaya ama? Si ule tu kama sisi." Na ni yeye huyo huyo hunitafutia mahali wanapopika ndizi, ananiletea bakuli kwa siri. Hilo pia lazima niliandike.

Miaka yote hiyo sikuwa nimeunganisha mambo haya mawili. Mwaka jana ndipo yalipoungana. Binti yangu alijifungua kwa upasuaji hapa Kitale, na mtoto akawa wa kulia jioni zote, tumbo limekaza kama mpira. Nikamsindikiza kliniki. Nesi alikuwa msichana mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alitukalisha kwenye benchi, akina mama na sisi akina nyanya, akatuambia kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wengi kuliko tunavyoweza kufikiria, na wengi wao si maadui.

"Ati wadudu, sista?" mama mmoja akauliza.

"Si wadudu, mama. Ni wadogo sana, hauwezi kuona."

"Hata kama. Ni wageni."

"Ni wapangaji," nesi akasema. "Na hawa wanalipa kodi. Chakula chenye tumbo lako limeshindwa, wao wanakimalizia. Wanafundisha kinga ya mwili kujua adui na rafiki. Wakikaa vizuri, wanazuia wabaya wasipate nafasi."

Akasema mtoto anayezaliwa kwa njia ya kawaida hupokea wa kwanza kutoka kwa mamake palepale njiani. Wa upasuaji huanza na wale wa ngozi na wa wodi, lakini tusitishike, hao wengine wanafika tu, kwa kunyonya, kwa kubebwa, kwa kuishi na watu. Kisha akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Alisema katika maziwa ya mama kuna aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Inapita tu. Si chakula chake, ni chakula cha bakteria wake. Mama anaponyonyesha anapikia watu wawili, mtoto na wale walio ndani ya mtoto. Na ile miaka ya kwanza, mpaka mtoto afike mitatu hivi, ndiyo nyumba inapojengwa.

Binti yangu alikuwa akisikiliza akimpapasa mtoto mgongoni. Mimi niliacha kusikia. Nilikuwa mtu mzima mwenye mjukuu, nimekaa kwenye benchi ya kliniki, na nilichokuwa nikiwaza ni: alikula changu. Ile sukari. Ile miaka ya kujenga nyumba. Alikula changu na chake, ndiyo maana yeye anakula mawe na mimi nafura kwa maharagwe.

Watu walipotawanyika nilibaki. Nikamuuliza nesi, "Sista, mtu akiachishwa ziwa kabla hajatembea, tumbo lake linaweza kuharibika mpaka uzee?"

Akaniangalia. "Ni huyu mtoto?"

"Ni mimi."

Hakucheka, namshukuru. Aliniuliza nilipewa nini badala yake. Nikamwambia kukhu alinilea kwa uji wa wimbi uliochachushwa na maziwa ya kibuyu.

"Basi hukuachwa mtupu, mama. Hao pia ni bakteria, tena wazuri." Akafikiri kidogo. "Mimi siwezi kukuambia ni hiyo. Dawa umemeza ngapi tangu utoto? Umeugua nini? Unakula nini kila siku? Hata hayo maziwa, watu wazima wengi hayawakubali tu, na walinyonya vizuri."

Nilitaka shahidi, na shahidi akakataa kuapa. Nikaenda nyumbani nimekasirika kana kwamba ni yeye aliyeninyima ziwa.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Sasa mama.

Tangu baba afariki mama anakaa kwa mdogo wangu, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Ndugu wa kiume hatuna. Mwaka jana kifua kilimsumbua sana. Mara ya kwanza ilikuwa nimonia kweli, alilazwa, na dawa za antibiotiki zilimwokoa, hilo halina ubishi. Lakini baadaye kila akikohoa, mdogo wangu alikimbia kwenye duka la dawa akanunua zilezile. Anakohoa, anapewa. Kikohozi kikipoa zinaachwa katikati, kikirudi zinamaliziwa. Mwishowe tumbo likakataa. Akawa anaharisha wiki kwa wiki, akakonda mpaka rinda likawa linamzunguka. Walimpima choo hospitalini, hawakuona ugonjwa wa kutisha. Daktari akasema zile dawa za mara kwa mara zimefagia wabaya na wazuri pamoja, na kwamba kwa mzee wazuri hawarudi upesi. Wakati huo mama alikuwa hali kitu isipokuwa mkate mweupe na chai ya rangi.

Haki ya mdogo wangu nimpe. Aliyemfulia mashuka ni yeye, mimi nilikuwa napiga simu. Na kama mama angekohoa hapa kwangu, sina hakika nisingekimbilia duka lilelile.

Januari tukakubaliana mama aje kwangu, ninapokaa na mume wangu, binti yangu na mtoto wake, mpaka wakati wa kupanda. Nilifurahi kuliko inavyofaa mtu kufurahia ugonjwa wa mamake. Nilisema moyoni, sasa ni zamu yangu. Nitamrudisha akiwa mzima, na Bungoma yote itauliza ameponea kwa nani.

Siku ya kwanza tu nilipika kila kitu ambacho nesi alitutajia siku ile kliniki kuwa kinalisha bakteria wazuri. Uji wa wimbi uliochachuka, maziwa lala, yaani ya mgando, maharagwe, mrenda, kunde, viazi vitamu na maganda yake. Nikampangia mezani, nikamsimamia.

Mama akaangalia zile sahani. "Kwani unanipeleka shoo?"

"Shoo gani, mayi?"

"Si ile ya ng'ombe. Hivi ndivyo wanalishwa wakingoja kushindana."

Alikula kwa kunihurumia. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limefura, anageuka kitandani akishika ukuta. Na mdogo wangu akapiga simu saa hiyohiyo.

"Anaendeleaje?"

"Vizuri sana," nikasema.

Kutoka chumbani mama akapaza sauti, ile iliyokuwa imebaki, "Mwambie nimefura kama ngoma!"

Nikamsikia mdogo wangu akicheka. "Dada, unamlisha nini huko?"

"Chakula."

"Chakula ya watu ama ya gari moshi?"

Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Kesho yake nikampeleka kwa nesi yuleyule. Alimshika tumbo, akauliza kama kuna damu, kama kuna homa. Hakukuwa na kitu. Aliponisikia nilivyompikia, akaweka mkono kiunoni. "Mama, tumbo lilizoea mkate tu, wewe unaliletea sufuria nzima ya maharagwe? Hao wa kuyashughulikia si walipungua? Kijiko. Leo kijiko, akikubali wiki ijayo unaongeza. Uzee wenyewe unapunguza aina za bakteria, na kula kitu kimoja kila siku kunapunguza zaidi. Lakini huwezi kurudisha kijiji kizima kwa siku moja."

Basi nikawa mtu wa kijiko. Nilijifunza kwamba uji uliochachuka anaupenda ukiwa vuguvugu, ukiwa moto anausukuma. Maharagwe lazima yapikwe mpaka yakubali kupondwa kwa ulimi, na anayapokea mchana, si jioni. Maziwa lala robo kikombe baada ya kuota jua. Mrenda haukuwa na shida tangu mwanzo, mrenda na mama ni marafiki. Mimi nilikula naye kilekile, kijiko kwa kijiko, kumtia moyo, na hata langu likatulia. Labda ni chakula. Labda ni kwa sababu nilikuwa na mama peke yangu. Siwezi kujua.

Februari ilipoisha alikuwa anatembea mpaka kwenye lango na kuwatukana kuku wangu. Alimbeba mjukuu wangu, ambaye naye kulia kulikwisha zamani, akamwambia, "Wewe na mimi hatuna meno, lakini tutawashinda hawa."

Siku moja tukichambua maharagwe nilimuuliza. Nilikuwa nimejizuia muda mrefu. "Mayi, uliponipeleka kwa kukhu, nililia?"

"Sijui. Sikukupeleka mimi. Kukhu wako alikuja akakuchukua. Mimi nilikuwa natapika, siwezi hata kusimama."

"Hukuja kuniangalia?"

"Nije na nini? Walisema maziwa yangu ni sumu." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. Akanitazama kwa upande, na nikaona mdomo unaanza kucheza. "Kwani unataka sasa? Njoo uangalie, pengine kuna tone limebaki."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka, nikaenda nje kuangalia kama kuku wana maji. Walikuwa nayo.

Na leo mdogo wangu amefika. Alipanda gari la mapema, akashukia Kiminini kumsalimia shangazi, na kabla ya saa sita alikuwa langoni na jogoo chini ya kwapa na mfuko mkononi. Mama alikuwa ameshakaa sebuleni amevaa kitambaa kizuri, na mzigo wake umefungwa. Alikuwa ameufunga mwenyewe, bila kuniambia.

"Mayi! Umenona!" mdogo wangu akapiga kelele.

"Sijanona, nimefugwa," mama akasema. "Huyu dada yako ni mkali, kila kitu kwa kijiko."

Wakashikana mikono, wakacheka, mdogo wangu akafuta macho. Kisha akanigeukia. "Dada, ulifanya nini? Mimi nilijaribu kila kitu bana. Ni dawa gani?"

"Hakuna dawa," nikajibu, nikaingia jikoni.

Hilo halikuwa uongo. Nilisimama na mwiko mkononi nikafikiri waziwazi, kwa utulivu ulionishangaza mimi mwenyewe. Nikinyamaza, mama atarudi kwenye mkate na chai. Kikohozi cha mvua kitakuja, atapewa dawa za dukani. Kufika Juni tumbo litakuwa limeharibika tena, na safari hii mama mwenyewe ataomba kuja Kitale, kwa sababu atajua nani anamweza. Na nikihesabu vizuri, hakuna mtu angeweza kuninyooshea kidole. Nilikuwa nimesema kweli. Hakuna dawa.

Nilipochungulia sebuleni, mdogo wangu alikuwa amefungua ule mfuko. Ndani kulikuwa na mkate mmoja, haujabonyea hata pembe moja. Kutoka Bungoma mpaka hapa, ameupakata. Aliazima kisu kwa binti yangu akaanza kukata ile ngozi ngumu ya pembeni, kila kipande, taratibu, na kuipanga ngozi kwenye sahani yake mwenyewe ili ale yeye. Mkono wake haukuhitaji hata kuangalia. Nikaelewa kwamba mwaka mzima ule, kila asubuhi, alikuwa akikata hivyo.

Nikatoka. "Usimpe huo peke yake," nikasema. "Ndio ulikuwa unamweka chini. Huo na zile dawa."

Kisu kikasimama. "Kwa hiyo ni mimi nilimharibu?"

Na hapo nilisikia utamu. Ulikuwa mdogo, na ulikuja wenyewe, kama ulimi unapogusa asali kwenye kijiko ulichodhani ni cha mafuta. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa amepungukiwa. Ningeweza kukaa kimya hapo tu, na kimya kingemjibu.

"Hapana," nikasema. "Hakuna anayejua ni nini hasa. Nimonia ingemuua bila dawa. Uzee wenyewe una mambo yake. Mkate ulimpa kwa sababu alikuwa anakataa vingine."

"Alikuwa anakataa kila kitu," akasema, sauti chini.

"Nilikuwa nakataa," mama akasema. "Mniache sasa. Nyinyi mnanijadili kama nimekufa."

Nikampeleka mdogo wangu jikoni nikamwonyesha. Unga wa wimbi na maji, unavyofunikwa karibu na jiko mpaka uanze kunukia uchachu, na jinsi ya kubakisha kidogo cha kuanzishia mwingine. Maharagwe. Mrenda. Nikamwambia kikohozi kikija ampeleke apimwe kwanza, na akiandikiwa dawa azimalize. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyouliza mimi.

"Hii kazi yote nitafanya saa ngapi, dada? Niko na ng'ombe, niko na shamba linaningoja."

"Sijui. Mimi sikuwa na ng'ombe."

"Ndio maana," akasema, akanigonga bega kwa bega lake.

Kabla hawajaondoka nilimwomba mama akae mpaka Pasaka. Nilisema nimenunua wimbi nyingi. Alinishika mkono, akaufinya.

"Mwanangu, hapa nimekaa kama mgonjwa. Umenitunza, hakuna wa kusema hukunitunza. Lakini kule naenda kukaa kama mtu. Nina shamba langu la maharagwe, nina wamama wangu wa kanisa wa kugombana nao."

 Niliwafungia uji wa kuanzishia kwenye chupa safi, nikaizungushia leso isivunjike, nikawasindikiza barabarani. Mdogo wangu alimshika mama kiwiko kwa namna ambayo mimi sijawahi kujifunza, chini kidogo, ili mama aonekane kama anatembea peke yake. Niliona hilo, na liliniuma kuliko lile la maziwa. Sina sababu ya kulificha.

Nyumba ina nafasi kubwa jioni hii. Binti yangu ananyonyesha kwenye kile kiti alichokuwa anakalia mama.

Tumekula ugali, kunde, na yule jogoo wa mdogo wangu, niliyemchemsha polepole kwa kitunguu na nyanya. Firigisi nilimpa mume wangu, supu nikampa binti yangu. Nyama ilikuwa laini na yenye mafuta kuliko ya kuku wangu yeyote. Mume wangu alisema hivyo mara mbili, na ni kweli.